Alama ya Mafuta kwenye Ukurasa wa 9

Juzi kitinda mimba wangu alikuwa anapekua droo ya chini akitafuta penseli za rangi, akaibuka na kile kijitabu cha kijani.

"Mama, nani alishika hapa na mafuta?"

Ukurasa wa 9. Alama ya kidole inashuka kutoka mstari wa kwanza hadi wa nane, kisha inapanda hadi katikati na kukomea hapo. Nikamwambia ni mandazi. Nikakichukua kijitabu, nikakaa nacho jikoni mpaka chai ikapoa.

Zilikuwa zile Jumamosi nilizocheza na watoto maktabani, nyie mlionichangia dadu mnazikumbuka. Januari 2023 kanuni za msingi za mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi kwa dadu, Dungeons & Dragons zilitolewa kwa leseni huria ya Creative Commons, ikawa ruhusa kwa yeyote kuzitafsiri mradi ataje zilikotoka. Nikaona hiyo ndiyo njia ya kuwasomesha watoto wetu wa hapa Minnesota Kiswahili bila kuwashurutisha. Tena mchezo wenyewe una mizizi hapahapa: Dave Arneson, mmoja wa waasisi wake wawili, alikuwa akicheza na wenzake Minneapolis na Saint Paul kabla haujachapishwa mwaka 1974. Nikachagua aina thelathini za uchawi, nikawa natafsiri usiku baada ya zamu.

Kwenye kanuni zile, chini ya jina la kila uchawi kuna mistari minne mifupi: muda wa kuutenda, umbali, mahitaji, na utadumu kwa muda gani. Maelezo yanafuata. Mimi nilipoiona ile mistari niliona fomu ya hospitali. Bibi yangu hakusimulia hadithi hata moja kwa fomu. Basi nikaifumua, nikaisuka ndani ya maelezo, sentensi ikashika sentensi. Namba nazo nikaziandika kwa maneno, maana "futi mia na hamsini" inakaa vizuri mdomoni. Nilikipenda kijitabu kile. Nilikisoma kwa sauti peke yangu ndani ya gari.

Mvulana ninayemkumbuka alikuwa na miaka 12, na Kiswahili chake kilikuwa cha kusikia kuliko cha kusoma. Mchawi wake alikuwa amefika ngazi ya 5 siku ileile, na ngazi ya 5 ndipo mchawi anapopata uchawi wa daraja la 3, yaani Tufe la Moto. Wiki nane alikuwa analingoja. Alishajua hata kwamba linahitaji mavi ya popo na salfa, na alikuwa amewatangazia wote.

Mazimwi sita yalikuwa yamesimama ng'ambo ya mto, miraba 12 ya ramani kutoka alipo. Kila mraba ni futi 5. Zamu yake ilipofika alisimama kabisa kitini, andazi mkono wa kushoto, akafungua ukurasa wa 9.

Kidole kikaanza. Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti, akanyamaza, midomo ikaendelea bila sauti. Wenzake sita wanamtazama. Mmoja akaanza kuzungusha dadu mezani, ile sauti ya krr, krr. Kidole kikafika mstari wa nane, kikarudi juu. Masikio yalikuwa yamemwiva. Kikasimama kwenye neno "futi".

"Futi ishirini," akasema. Akahesabu miraba kwa macho. "Anti, hawafikiki."

Ishirini ni upana wa moto wenyewe, kutoka pale unapolipukia hadi ukingoni. Umbali wa kuutupa ni 150, na mia na hamsini yangu nzuri ilikuwa imejificha mistari miwili juu, katikati ya sentensi, haina cha kuitofautisha na maneno mengine. Mazimwi yalikuwa futi 60 tu.

Mimi ndiye niliyeongoza mchezo. Nilijua. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka aisome mwenyewe, nikadhani kumwambia ni kumdharau mbele ya wenzake.

"Basi narusha jiwe kwa teo," akasema, akakaa.

Akakosa.

Nilikirekebisha wiki ileile. Nikarudisha mistari minne juu, namba kwa tarakimu, majina ya uchawi kwa herufi za mlazo ili jicho lisiyachanganye na maneno ya kawaida. Nikaongeza mstari wa tano wa eneo linaloguswa, kama walivyofanya kwenye kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978, ambako eneo na hata namna ya kuponyoka viliwekwa juu pamoja na umbali. Toleo la mwaka 2014 liliuteremsha upana wa moto kwenye maelezo, na sijaacha kuamini kwamba hapo walikosea. Mtoto anayengojwa na watu sita hana muda wa kutafuta.

Yeye hakuuona ukurasa mpya. Wazazi wake walihamia jimbo lingine kabla ya Jumamosi iliyofuata. Nimejiuliza mara nyingi kama ni ukurasa uliomwangusha au ni kimya changu. Kuna siku nasema ukurasa, na hizo ndizo siku ninazolala vizuri.

Usiku binti yangu akarudi na kijitabu. "Alikuwa anatafuta nini?"

Nikamwambia atafute mwenyewe ni umbali gani moto ule unaweza kutupwa. Akainama. Kidole chake kikapita juu ya alama ile ya zamani, kikashuka nayo, kikapanda nayo, kikasimama palepale.

"Futi ishi—"

Nikaweka kidole changu mistari miwili juu. "Hapa, mama. Soma hapa."