Nyumba ya Keijō, 1943: paa limekwisha, sasa niko uani

Kwa mnaofuatilia: nyumba ninayoijenga kwa maboksi, kipimo cha 1:24, ni ya familia ya Kikorea mjini Keijō, jina ambalo Wajapani waliipa Seoul. Paa limekwisha. Ukililowesha boksi kidogo ukalibandua karatasi ya juu, mawimbi ya ndani yanajitokeza kama safu za vigae. Rangi ya kijivu mara mbili, basi.

Kazi iliyokula muda ni ya uani. Serikali ya kikoloni ilikuwa inakusanya vyombo vya shaba ya manjano viyeyushwe kwa mahitaji ya vita: mabakuli, vijiko, hata vyombo vya kutambikia wazee. Mabakuli yangu ni vichwa vya pini za ubao wa matangazo. Nimezikata miguu kwa koleo, kisha nikavigeuza na kuvirundika mkekani karibu na lango. Ndani, kwenye meza fupi ya kulia, nimeweka vya udongo. Asiyejua habari atauliza, nami ndicho ninachotaka.

Familia ni ya akina Kim, lakini kibao cha langoni kinasomeka Kaneda. Amri ilianza kutumika tarehe 11 Februari 1940, watu wakapewa miezi sita kujiandikisha majina ya ukoo ya Kijapani, na takriban asilimia 80 ya familia zikafanya hivyo. Watawala waliita hiari. Hiari hiyo, mh!

Bango la „Naisen ittai“, yaani Japani na Korea ni mwili mmoja, nimelibandika ukuta wa nje, tena dogo. Mabango mtu anaweza kuyapita bila kuyatazama. Kilichokuwa kigumu kukikwepa ni aegukban, kikundi cha majirani wa nyumba kama kumi: humo humo ndimo ulimopita mgao wa chakula, na humo humo watu walihimizwa kuinama kuelekea ikulu ya Tokyo. Usipotokea, jirani anakuona. Kwa hiyo watu wangu watano wa waya wamesimama mstari mmoja, na wa sita amegeuza shingo kuwakagua wenzake.

Limebaki gazeti la mezani. Dong-A Ilbo na Chosun Ilbo zilifungwa Agosti 1940, hivyo la Kikorea linalofaa ni Maeil Sinbo, sauti ya serikali yenyewe. Printa inavuruga herufi nikilipunguza hadi ukubwa wa kucha. Nitajaribu karatasi laini zaidi, ikishindikana nitalikunja, kionekane kichwa cha gazeti tu.