Nilivyopunguza nyaya za koili baada ya kutoa platini

Platini ni swichi ndogo ndani ya distribyuta inayounga na kukata umeme wa koili, kifaa kinachotengeneza volti kubwa za cheche za plagi. Moduli ya elektroniki ikishakaa humo badala ya platini na kondensa yake, baadhi ya nyaya za zamani hazina kazi tena. Wengi huziacha kwa kuwa injini inawaka. Mimi nilizitoa baada ya kupima. Nilichomoa nyaya za moduli, nikaunga hasi ya koili na bodi kwa kipande cha waya, nikawasha swichi kwa sekunde chache. Chanya ya koili ilisoma volti 7 na kidogo, na betri ina 12.6. Usipoiunga hivyo mita itakudanganya kwa kusoma 12, maana umeme usiotembea haupotei njiani.

Volti zilizokosekana zilikuwa zinaliwa na waya wa ukinzani uliofichwa ndani ya fungu la nyaya. Kwenye magari ya Kiingereza ya miaka ya 1970 mara nyingi ni mweupe wenye mstari wa pinki. Uliwekwa ili koili ya omu 1.5 isiunguze platini, na wakati wa kupiga stata waya mwingine kutoka kwenye solenoidi ya stata uliipa koili volti zote.

Kwanza nilibadilisha koili. Injini ni ya silinda 4, kwa hiyo nilifunga ya omu 3: kwenye volti 14 inavuta chini ya ampea 5. Ukiiacha ile ya 1.5 halafu ukaondoa ukinzani, inavuta zaidi ya 9, na moduli ndiyo itakayoungua.

Waya wa ukinzani sikuuvuta nje. Niliuchomoa ncha zote mbili na kuzifunika kwa mpira wa kusinyaa. Ule wa solenoidi niliutoa mzima. Ukiuchomoa upande wa stata tu, ncha inayoning'inia ina umeme kutoka kwenye koili, na magari mengi ya zamani hayana fyuzi kwenye njia hiyo. Ikigusa bodi, fungu zima linateketea.

Halafu rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ili koili ipate volti zote za betri. Pini yake namba 30 inatoka betri kupitia fyuzi ya ampea 15, 87 inakwenda chanya ya koili pamoja na waya mwekundu wa moduli, 86 inachukua waya mweupe wa swichi, 85 ni erthi, yaani bodi. Waya wa milimita 2 za mraba unatosha kabisa. Hapo ndipo pana mtego: ukizima swichi, injini inaweza kuendelea kunguruma. Alteneta inarudisha umeme kupitia taa ya chaji hadi kwenye waya mweupe. Balbu ya wati 2.2 inapitisha karibu ampea 0.18, na kiasi hicho kinatosha kuishikilia rilei. Nilikata waya wa taa karibu na alteneta, nikaweka diodi ya 1N4001, inayopitisha umeme upande mmoja tu, mstari uliochorwa juu yake ukielekea alteneta. Ukiigeuza, taa haiwaki kabisa, basi kosa utaliona mapema.

Tachometa, yaani geji ya mizunguko ya injini, iangalie kabla hujakata chochote. Ile inayochukua ishara kwenye hasi ya koili haina shida. Ila ya kampuni ya Smiths iliyoandikwa RVI inahesabu mkondo unaopita ndani yake. Ukiiruka, mshale unalala sifuri. Kwa hiyo waya wa 87 upitishe kwanza kwenye tachometa, ndipo uende koili.

Moduli nyingi zinazodaiwa kufa zimekosa erthi tu. Ule waya mfupi laini unaounga bamba la distribyuta na mwili wake hukatika ndani ya ganda bila kuonekana. Injini ikiwa inafanya kazi, pima kati ya bamba na hasi ya betri: ikizidi volti 0.2, badilisha. Nyaya za plagi ziwe za kaboni, kwani za shaba tupu huvuruga moduli. Na gari ambalo chanya ndiyo erthi linataka moduli yake maalumu. Ukikosea, inakufa mara moja.

Taimingi, yaani wakati wa cheche, niliiweka upya kwa taa ya taimingi, kwani moduli haitoi cheche pale pale platini zilipoitoa. Bamba lenye platini na kondensa liko kwenye buti: koili ya omu 3 inalikubali bila kugusa waya mwingine wowote.