Daftari la mama lilikuwa sahihi, chati yangu ndo ilikosea

Wiki tatu zilizopita nilimpelekea mama mmoja mwenye duka la dawa hapa Dar dashibodi ya mauzo, yaani ukurasa wa chati unaoonyesha mauzo ya kila siku. Duka lake halifungwi, usiku na mchana liko wazi. Akashika simu akaangalia nguzo zinavyopanda akafurahi kweli, alafu akavuta daftari lake la kaunta akaanza kulinganisha siku moja moja. Hazikupita dakika mbili. "Mwanangu, Jumatatu siyo hii." Nikamwambia samahani mama, labda usiku waliruka kuandika. Akanijibu kila saa sita usiku mtu wa zamu anapiga mstari na asubuhi mama anahesabu mwenyewe, halijawahi kupishana na pesa.

Nikarudi nyumbani nikakesha nayo. Kumbe sava inatunza muda kwa UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele masaa 3, na mimi kwenye kweri (swali ninaloiuliza databesi ya MySQL) nimeandika GROUP BY DATE(created_at), yaani kusanya mauzo kwa tarehe, hivyo hivyo bila kugeuza muda, kwa hiyo siku ya sava inaanza saa tisa usiku ya kwetu. Yaani mzazi aliyekimbia usiku wa kuamkia Jumanne kutafuta dawa ya homa ya mtoto, saa saba au saa nane hivi, chati inamhesabu Jumatatu. Duka linalofungwa saa tatu usiku lisingeona tofauti hata mwaka mzima, ndo maana nilishawafanyia wengine na hakuna aliyelalamika. Dawa yake ni kugeuza muda kwanza, CONVERT_TZ(created_at, '+00:00', '+03:00'), ndo ukusanye kwa siku, na kwa vile Tanzania hatusogezi saa kwa misimu hiyo +03:00 inatosha.

Brauza nayo ina mtego wake. Kwenye JavaScript, lugha ya brauza, new Date('2024-03-01') inasomwa kama UTC, ukiongeza T00:00 mwishoni inasomwa kwa saa za hapo ulipo, alafu ukiita toISOString() inakurudisha UTC tena. Siku hizi tarehe naituma kutoka sava ikiwa maandishi tayari, Jumatatu ni Jumatatu, JavaScript haigusi.

Kingine kilichonisumbua ni jumla ya juu ya chati. Nguzo zilikuwa sawa kabisa ila jumla inasoma mabilioni. Sababu ni kwamba SUM() ya MySQL kwenye namba kamili inarudisha DECIMAL (aina ya namba ya desimali), na draiva nyingi, yaani programu zinazounganisha kodi na databesi, zinaileta DECIMAL kama stringi (maandishi), sasa Chart.js, maktaba ninayochorea chati, yenyewe inaigeuza kuwa namba kimya kimya inachora vizuri, lakini mimi nikijumlisha "12000" na "8000" napata 120008000, maana maandishi yanaunganishwa tu. Weka Number() pale data inapoingia tu, usisubiri ifike kwenye chati.

Alafu kuna siku ambazo dawa fulani haikuuzwa. Kweri haileti mstari wa siku hiyo, kwa hiyo chati inairuka na laini inaunganisha Jumamosi na Jumanne kama vile hapakuwa na kitu katikati. Mimi natengeneza orodha ya siku zote kwanza ndo najaza. Ila angalia, 0 maana yake hakuna aliyenunua, null maana yake hatujui, labda umeme ulikatika na mashine ya kaunta haikurekodi. Chart.js ikikuta null inaacha pengo usipoiwashia spanGaps (mpangilio wa kuunganisha laini juu ya pengo), na kwa mtu anayeamua aagize boksi ngapi za dawa lile pengo ni la muhimu sana, usimzibie.

Kuhusu kuapdeti, tafadhali usiite new Chart, yaani usitengeneze chati upya, kila data mpya ikija. Toleo la 2 la Chart.js lilikuwa linakuachia chati ya zamani chini, ukipitisha kidole inachomoza namba za jana, kuanzia la 3 inakataa kabisa inasema kanvasi (eneo la kuchorea) inatumika. Tengeneza mara moja, badilisha chart.data.labels na data ya dataset, ita chart.update(), na kama unavuta kila sekunde chache weka update('none') inayozima mwendo wa kuchora, nguzo zisirukeruke machoni. Kama unatumia Vue 3 (mfumo wa kutengenezea kurasa) usiitie chati kwenye ref ya kawaida, tumia shallowRef, maana proksi zake, vifuniko vinavyofuatilia mabadiliko, zinaingia mpaka ndani ya Chart.js zinazunguka hadi staki inajaa na programu inakwama. Na mtu akibonyeza wiki alafu mwezi haraka haraka kwenye neti ya kusuasua, jibu la wiki linaweza kufika mwisho likafunika la mwezi, kwa hiyo ombi la kwanza likate na AbortController, kifaa cha brauza cha kusitisha ombi.

Juzi nimerudi dukani. Mama amelinganisha siku 14, kimya, anaweka vema kwa peni kwenye kila mstari. Alipomaliza akafunga daftari akaniambia sasa anataka aione zamu ya usiku peke yake, kuanzia saa sita mpaka alfajiri, maana anafikiria kuongeza mtu wa pili. Hiyo ndo naiandika leo.