Nilidhani Kiswahili nakijua, hadi nilipokuja kufundisha Dar

Ushauri mbaya kuliko wote nilipewa na binamu yangu aliyewahi kukaa Dar siku tatu, tena kwenye harusi. "Tanzania ni kama nyumbani," akaniambia. "Lugha unayo. Wasalimie 'mambo', watajibu 'poa', maisha yasonge." Heri ningeenda Uchina. Huko kila mtu angeniona mgeni na kunisamehe. Mimi nilitoka Eldoret na sweta mbili na Kiswahili changu cha A ya darasa la nane, nikashuka stendi ya Mbezi mwezi wa kwanza, jasho likinitoka hadi kwenye kope, nikijiona nimefika kwa ndugu.

Asubuhi yake nikamkuta mama mwenye nyumba anafagia uani. Mama wa miaka sabini hivi, kajitanda khanga. "Mambo!" nikamwambia, na tabasamu juu. Ufagio ukasimama. Akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala, kisha akamwita mjukuu wake: "Hebu njoo umfundishe dada yako shikamoo." Mtoto mwenyewe hajaanza hata darasa la kwanza. Nikafundishwa pale pale, nikarudia mara mbili, nikaitikiwa marahaba.

Shuleni nilidhani nimepona, kwa kuwa ni ingilishi midiamu na mimi nafundisha hisabati na sayansi. Lakini nani anamkemea mtoto kwa Kiingereza? "Kuja hapa!" nikamwambia mmoja aliyekuwa anachungulia dirishani. Darasa likaangua kicheko. "Madam, ni njoo." "Haya, enda ukakae." "Madam, ni nenda." Wiki ya pili mwalimu mkuu akaniita: mzazi kalalamika, madam wa Kenya anafokea watoto. Sikuwa nimefoka! Nilisema "Nipe daftari", basi. Kumbe "nipe", ambayo kwetu mtu huitamka hata akiwa na furaha zake, hapa ukiitupa kavu hivyo ni kama umemkaba mtu. Watu wa Dar wanaomba. Naomba daftari, naomba kupita, naomba kuuliza. Hata soda unayoilipia hela yako mwenyewe unaiomba.

Nikaamua kujirekebisha kwa nguvu zote, na hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Usiku nilikaa kitandani nikapanga sentensi kama ninayejiandaa na insha. Kesho yake sokoni nikamkabili muuza nyanya: "Samahani bwana, ningependa kununua nyanya za shilingi elfu moja, tafadhali." Akamgeukia mwenzake. "Oya, njoo umsikie dada anasoma taarifa ya habari!" Wakaja watatu. Nikaombwa nirudie, nami nikarudia, mjinga mimi. Kwa buku langu nikapata nyanya nne. Jirani yangu siku hiyo hiyo alirudi na fungu zima la jero, yaani mia tano. Hiyo "tafadhali" iacheni kwenye matangazo ya uwanja wa ndege. Sokoni "naomba" inatosha, mradi sauti iwe laini.

Halafu kuna "pole". Kwetu ukimkosea mtu unamwambia pole. Sasa nimo ndani ya basi la mwendokasi kutoka Kimara, saa moja asubuhi, tumebanana hata pa kuweka mguu hamna, nikamkanyaga mzee mmoja. "Pole!" nikasema haraka. "Unanipa pole?" akauliza. "Kwani aliyenikanyaga ni nani?" Hapa pole anapewa mwenye msiba, mwenye homa, anayetoka kazini kachoka. Ukimkosea mtu wewe mwenyewe, omba samahani. Nilipoipata hiyo samahani tulishapita Ubungo, na yule mzee aliendelea kuwasimulia abiria wengine mpaka Magomeni.

Dukani nako niliomba unga wa wimbi wa uji. Mangi, ndivyo wanavyomwita mwenye duka hapa, akacheka hadi akaegemea friji. "Wimbi liko Coco Beach, dada, tena la bure." Hapa unaitwa ulezi. Mpaka leo ananiita Dada Wimbi, na wateja wake pia.

Sasa niacheni nijisifu kidogo. Niliingia darasa la tano nikawapa mkataba: atakayeninasa na neno la Kenya, aniambie la hapa na alitumie kwenye sentensi yenye adabu. Neno linaandikwa pembeni ya ubao, na Ijumaa nalipa pakiti moja ya ubuyu kwa kila neno. Ijumaa ya kwanza nilidaiwa pakiti thelathini na kitu, karibu hela yangu ya chakula cha mchana ya wiki nzima. Stima, umeme. Raba, ufutio. Githeri, makande. Omena, dagaa. Ndengu, choroko. Wakaanza hata kunitega. Mmoja alitoa kiazi kwenye begi, uso wa malaika: "Madam, naomba kuuliza, hiki kinaitwaje?" Nikasema "waru", na darasa zima likapiga kelele kama Simba wamefunga bao.

Ambacho sikukitegemea ni kwamba hakuna darasa lililowahi kunisikiliza namna ile. Watoto arobaini na kitu wanafuata kila neno linalonitoka, wakiwinda ubuyu, na katikati yake napitisha mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Mwisho wa muhula deni lilishuka hadi pakiti mbili, nikawaonea huruma, nikakosea kwa makusudi. "Madam, hiyo umejifanya," akasema binti mmoja wa mbele, na akakataa kuipokea.

Vibali sitavieleza, vilishughulikiwa na shule. Ila Wakenya wenzangu, kuvuka mpaka bila viza hakukupi ruhusa ya kufanya kazi. Kibali cha kazi na kibali cha kuishi ni vitu viwili, na usishike chaki kwa ahadi ya "vinakuja". Na nunua feni kabla ya kitanda. Zile sweta mbili bado ziko chini ya sanduku.

Desemba nilirudi Eldoret. Nikaingia jikoni, nikapiga goti kidogo kama nilivyozoea. "Shikamoo mama. Naomba unga wa ulezi nikoroge uji."

Mama akaweka mwiko chini. "Ulezi wa nani? Umezaa huko na hujaniambia?"