Boston ya 1967 kwenye meza ya jikoni: nilivyourudia msimu mzima kwa kadi na dadu

Msimu wa besiboli wa 1967 katika American League, moja ya ligi kuu mbili za Marekani, uliisha Oktoba 1, na asubuhi ya siku hiyo timu tatu zilikuwa bado zinawania ubingwa. Mimi nimeumaliza majuzi tu, kwenye meza ya jikoni hapa Lowell, Massachusetts. Bingwa wangu si yule wa kwenye vitabu. Nitaeleza ilikuwaje, maana kuna wenzangu wawili watatu walioniona na dadu wakadhani nimeanza kamari.

Wakenya hapa Lowell tuko wengi, na wengi wetu kazi yetu ni kutunza wazee. Ukikesha zamu za usiku na wazee wa Massachusetts, habari za 1967 utazisikia upende usipende. Mwaka 1966 Boston Red Sox walishika nafasi ya tisa katika ligi ya timu kumi. Mwaka uliofuata wakawa mabingwa wa ligi hiyo hiyo, kwa ushindi 92 na vipigo 70, wakiziacha Detroit na Minnesota kwa mechi moja tu. Carl Yastrzemski aliongoza ligi kwa wastani wa kupiga, .326, akaongoza kwa mikimbio aliyoiingiza, yaani pointi za besiboli, 121, na kwa homurani, yaani mipira iliyovuka uzio, akapata 44 sawa na Harmon Killebrew wa Minnesota. Mzee mmoja ninayemhudumia alikuwa kijana wakati huo, na husimulia mechi zile kana kwamba zilichezwa juzi. Ndiye aliyeniambia kuna mchezo wa mezani unaoweza kuurudisha mwaka ule mechi kwa mechi.

Mchezo wenyewe unaitwa Strat-O-Matic. Aliyeubuni ni Hal Richman wa New York, na ulianza kuuzwa 1961. Kuna mwingine wa zamani zaidi, APBA, uliotoka 1951, nao una watu wake, lakini mimi wa kwanza ndio ulionikaa. Kila mchezaji ana kadi iliyotengenezwa kutokana na takwimu zake za kweli za msimu husika. Kadi ya mpigaji ina safu 1, 2 na 3. Kadi ya mrushaji ina safu 4, 5 na 6. Unarusha dadu tatu kwa pamoja: ile nyeupe inakwambia usome safu ipi, nyingine mbili unazijumlisha, kisha unaangalia namba hiyo kwenye safu imeandikwa nini. Kwa hiyo nusu ya matokeo yanatoka kwa mpigaji na nusu kwa mrushaji. Jumla ya 7 hutokea mara sita katika kila nafasi 36, na 2 hutokea mara moja tu. Ukiona homurani imeandikwa kwenye 7, jua huyo ni mtu wa kuogopwa. Mara nyingine kadi inakuelekeza kwa mchezaji wa ulinzi, naye amepewa alama kuanzia 1, aliye hodari, hadi 5, ambaye mpira ukimwendea unafumba macho. Hapo unarusha dadu ya pande 20.

Kwa mtu aliyekua Nakuru akiendesha ligi ya vizibo vya soda, msimamo umeandikwa nyuma ya daftari la hesabu, haikuchukua muda kunasa.

Kazi ngumu ilikuwa kuamua nirudie nini. Ligi nzima ina mechi 810. Mtu wa zamu mbili na watoto hawezi, asidanganywe na wale wastaafu wanaomaliza ligi mbili kwa mwaka. Nikaamua kucheza mechi za Boston peke yake, 162. Lakini hapo kuna mtego ambao wengi hawauoni mapema: msimamo utaupataje, ikiwa timu nyingine tisa hazichezi? Nilichofanya ni hiki. Kila timu ilikutana na kila mpinzani mara 18. Ina maana Detroit walicheza mechi 144 ambazo Boston haimo. Hizo nikaziacha na matokeo yake ya kweli, siku kwa siku, kama yalivyohifadhiwa na Retrosheet, shirika la kujitolea linalotunza rekodi za mechi za zamani na kuzitoa bure. Zile 18 dhidi ya Boston zikawa zangu. Basi nikiifunga Detroit mara moja zaidi ya ilivyokuwa, Detroit inashuka kwenye msimamo wangu, na nikizembea inapanda. Ligi ikawa hai bila mimi kurusha dadu za watu wengine.

Nani aanze kurusha siku gani, hilo nalo nililitoa kwenye rekodi. Nikiachiwa mwenyewe ningemtumia Jim Lonborg kila siku ya tatu mpaka mkono ung'oke. Mwaka ule alishinda mechi 22, akapoteza 9, akawatoa wapigaji 246 kwa straiki, yaani kwa kuushindwa mpira wake, na kadi yake inaonyesha. Kwa hiyo sheria yangu ilikuwa kwamba waanzaji ni wale wale wa tarehe ile, na wachezaji walioletwa katikati ya msimu, kama Gary Bell kutoka Cleveland mwezi Juni, wanafika siku waliyofika kweli. Mabadiliko ndani ya mechi, nani apumzike, nani aibe besi, hayo ni yangu.

Aprili 14 ilinionyesha kadi zinajua nini na hazijui nini. Siku hiyo, mwaka 1967, kijana Billy Rohr alirusha mechi yake ya kwanza kabisa katika ligi kuu, ndani ya Yankee Stadium, na akabakiza auti moja tu, yaani mpigaji mmoja wa kumtoa, amalize bila kupigwa hata mpira mmoja safi. Elston Howard wa New York Yankees ndiye aliyemharibia. Mzee wangu akisimulia hii husimama. Nilipofika tarehe hiyo niliketi na chai yangu nikisubiri maajabu, Yankees wakampiga Rohr mpaka nikamtoa kabla hatujafika katikati ya mechi. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Rohr alishinda mechi 2 tu mwaka mzima, na kadi yake ni ya mtu wa mechi 2. Kadi ni wastani wa msimu wote. Ile alasiri moja imeyeyuka humo ndani kama chumvi kwenye sufuria ya maharagwe. Anayetaka matukio yale yale yajirudie atafute filamu.

Mambo ya nyumbani nayo yalitaka mpango. Dadu zikigonga mbao saa sita usiku zinaamsha nyumba nzima, kwa hiyo nilitandika leso kuukuu ndani ya sinia, nikawa narushia humo. Takwimu niliziandika kwenye kaunta buku, ukurasa kwa kila mechi, kisha siku ya mapumziko nazihamishia kwenye kompyuta. Usiku mmoja mke wangu alisimama mlangoni akatazama zile kadi zilizopangwa uwanja mzima juu ya meza. "Baba Baraka, hawa watu wangapi wako hai?" Nikamwambia baadhi wapo. "Basi waache wapumzike, na wewe ulale." Nililala, baada ya inningi ya tisa, zamu ya mwisho ya mechi.

Julai ndipo nilipoanza kuona njia zetu zinaachana na historia. Kwa kweli Boston walishinda mechi 10 mfululizo mwezi huo, na waliporudi kutoka Cleveland Julai 23 umati wa watu ulifurika uwanja wa ndege kuwapokea. Zangu zilifika tatu, zikakatika. Nilikuwa na mazoea ya kusoma kilichotokea duniani kila tarehe niliyocheza, na siku hiyo hiyo ghasia kubwa zilianza Detroit huku Tigers, timu ya mji huo, wakiwa uwanjani na Yankees. Willie Horton, aliyekulia mji ule na mmoja wa wapigaji wao wakubwa, alitoka akiwa bado na jezi, akapanda juu ya gari kuwasihi watu warudi makwao. Kadi ya Horton ninayo. Imeandikwa nguvu zake za kupiga na alama yake ya ulinzi.

Kisha Agosti 18. Yeyote anayerudia msimu huu ajue hapa ndipo atakapokwama. Tony Conigliaro, mtoto wa Revere, hapo hapo pembeni mwa Boston, alikuwa na miaka 22 na tayari alikuwa na homurani zaidi ya 100. Usiku huo Fenway Park, uwanja wa Boston, inningi ya nne, mpira wa Jack Hamilton wa California Angels ulimpiga usoni. Hakucheza tena mwaka huo, wala mwaka uliofuata. Kadi yake imetokana na mechi 95 tu. Kanuni ya wengi wanaorudia misimu ni kwamba mchezaji asizidi sana kile alichocheza kweli, la sivyo unaichezesha kadi nzuri mara nyingi kuliko ilivyostahili. Ni kanuni nzuri, nami niliifuata kwa wote. Tena kulikuwa na la Ken Harrelson: Boston walimchukua mwishoni mwa Agosti kwa sababu nafasi ya Tony ilikuwa wazi. Ukimbakiza Tony, Harrelson hana sababu ya kuja.

Nilimuuliza mzee. Sikutarajia jibu refu na sikulipata. "Kijana, usinitolee Tony."

Nikambakiza. Nikamwacha Harrelson aende zake, nikaandika kwenye kaunta buku kwa wino mwekundu kwamba kuanzia hapa huu si mwaka 1967 tena. Nikapanga kadi za Angels, nikamweka Hamilton kilimani, pale mrushaji anaposimama. Inningi ya nne, Tony mbele yake. Nilirusha. Dadu nyeupe ikasimama 5, nikasoma kadi ya Hamilton: mpira wa kuburuza kwa Jim Fregosi, Fregosi akaokota, akatupa besi ya kwanza, auti. Auti ya kawaida ambayo mtu haikumbuki kesho yake. Sijawahi kuifurahia auti ya mchezaji wangu kama ile.

Ungedhani baada ya hapo tungepaa. Kumbe balaa letu lilikuwa Chicago White Sox. Timu hii ilipiga wastani wa .225, yaani kupiga hawakujua kabisa, lakini warushaji wao walikuwa Joe Horlen, Gary Peters na Tommy John, na kadi zao ukizisoma ni auti juu ya auti mpaka chini. Kwa kweli Chicago walimaliza wa nne na ushindi 89. Mwisho wa Agosti Boston walikwenda kwao, na Agosti 27 kukatokea mojawapo ya mambo yanayosimuliwa zaidi: José Tartabull, ambaye mkono wake wa kutupa ulikuwa dhaifu na kila mtu alijua, alitupa mpira kutoka uwanja wa kulia, Howard, ambaye sasa alikuwa wetu, akaudaka huku akiziba njia ya besi ya nyumbani kwa mguu, Ken Berry wa Chicago akawa auti ya mwisho na Boston wakashinda 4-3. Mimi nilimweka Tartabull tayari benchi nikisubiri nafasi kama hiyo. Haikuja. Tulifungwa 5-0, na Tartabull hakuvua hata koti.

Nikizijumlisha mechi zote 18, Chicago walinifunga mara nne zaidi ya ilivyokuwa kweli. Hapo ndipo msimu ulipoponyoka. Minnesota tuliwabana kuliko Boston wa kweli, Detroit ikawa sawa na zamani, na mechi moja ya bure tukaiacha mikononi mwa Kansas City, timu ya mwisho kwenye msimamo. Ile Oktoba 1 ambayo Lonborg aligusa mpira kidogo tu badala ya kuupiga kwa nguvu, mbele ya Dean Chance, mrushaji wa Minnesota, akaamsha inningi ya mikimbio mitano, kwangu ilikuwa mechi ya kutimiza ratiba. Nilimpa Lonborg amri ile ile ya kugusa mpira, kwa heshima. Alitolewa besi ya kwanza.

Msimamo wangu: Chicago 93 kwa 69, Detroit 91 kwa 71, Boston na Minnesota 89 kwa 73. Yastrzemski alimaliza na homurani 38, kwa hiyo zile taji tatu, yaani kuongoza kwa wastani, mikimbio na homurani kwa pamoja, hazipo. Katika fainali niliwakutanisha Chicago na St. Louis Cardinals, mabingwa wa ile ligi kuu nyingine, na wapigaji wale wa Chicago mbele ya mrushaji Bob Gibson walikuwa wa kuhurumiwa. Cardinals walihitaji mechi tano.

Mzee nilimpelekea kaunta buku yenyewe. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye msimamo, akaona Chicago juu, akakunja uso. Kisha akauliza Tony alimaliza na homurani ngapi. Nikamwambia 31. Akaitingisha ile namba kichwani, akasema kwa namba hiyo haiwezekani tukawa wa tatu, lazima kuna mechi nilihesabu vibaya. Nikamfungulia mechi za Chicago moja moja. Amefika ya sita, na kila moja ana lake la kusema kuhusu nilivyompumzisha mrushaji.