Siku Moja Maishani Mwangu: Msaidizi wa Mwongozaji wa Filamu

Saa 10:30 alfajiri. Naamka na ratiba mkononi: sini (maonyesho ya hadithi) tatu, kurasa nne na nusu za muswada. Watu wakisikia nafanya kazi ya filamu huniuliza nimewahi kukutana na staa gani. Hakuna anayeuliza nimesimama kwa saa ngapi.

Saa 12 mpaka saa 2 asubuhi ni nyaya, taa, vipodozi, na kumtafuta mwigizaji aliyezima simu. Yupo kila siku, huyo.

Saa 3. Mzee anakunywa maji na kumwambia binti yake kwamba hospitali haendi. Mtazamaji ataona dakika mbili. Sisi tunapiga picha ya chumba kizima, kisha uso wa mzee, kisha uso wa binti, na kila safari maneno ni yale yale, mkono ule ule, maji kiwango kile kile. Bila hivyo mhariri hawezi kuunganisha vipande. Naandika daftarini: anainua bilauri kwenye "sitaki", anaitua kabla ya "mwanangu".

Ndipo jirani fundi seremala akaanza kugonga. Fundi sauti akainua mkono. Nikatoka mbio.

"Samahani kaka, tunarekodi. Dakika tano tu."

"Na mimi niko kazini," akajibu bila kuinua macho. Ukweli mtupu. Tukapatana: nikipunga kitambaa cheupe dirishani anaacha, kikishuka anagonga. Nikakaa dirishani kama mwashiria meli, klapa (kibao kinachogongwa kila picha inapoanza) mkono mmoja, kitambaa mkono wa pili. Mara mbili nilipunga nikiwa nimechelewa, mara mbili mwongozaji akanitazama bila kusema neno. Afadhali angefoka.

Mchana ukapita hivyo. Katika kusubiri huku hujiliwaza kwa wakubwa: Akira Kurosawa, mwongozaji wa Japani, aliingia studio mwaka 1936 kama msaidizi, akaongoza filamu yake ya kwanza mwaka 1943. Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegal, alikuwa kuli bandarini Marseille, Ufaransa, akaandika riwaya, akaenda kusomea filamu Moscow akikaribia miaka 40. Mimi ni mwaka wa tano tu. (Mama haoni hiyo "tu".)

Sijui ilikuwa saa ngapi seremala alipochoka kungoja kitambaa, akaja kusimama mlangoni, nyuma ya skrini ndogo ya mwongozaji. Tulikuwa tunamalizia uso wa binti, bilauri ikionekana pembeni. Miguu yangu ilikuwa inawaka moto. Nikamsikia akininong'oneza: "Mbona maji yamejaa? Mwanzo yalikuwa nusu."

Nikatazama daftari. Nusu. Nilikuwa nimeijaza mwenyewe.

Nilitamani ardhi ipasuke, na papo hapo nikataka kumkumbatia. Mimi niliingia kwenye kazi hii kwa mlango huo huo: utotoni niliona kidonda cha shujaa kikihama kutoka shavu la kushoto hadi la kulia, nikagutuka kwamba kumbe kuna watu wanaotengeneza haya, na wanakosea. Kuanzia hapo sikuweza tena kutazama filamu kama zamani.

Tukarudia. Mzee aliyekuwa ameshavua shati la sini akalivaa tena: "Haya mwanangu, maji yako nusu hayo."

Mwishoni fundi sauti akaomba sekunde 30 za ukimya wa chumba, za kuziba mapengo wakati wa uhariri. Wote tukaganda. Seremala mlangoni, nyundo mkononi, hata kupumua hapumui.