Kanda ya 1983 Ndani ya Kikaushio cha Matunda

Tulikuwa tukihamishia muziki wa kanda ya zamani kwenye kompyuta. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha, kanda ilianza kulia kama breki kavu, na vichwa vya mashine, vinavyosoma sauti, vikabaki na utando wa kahawia. Ilikuwa kanda ya studio aina ya Ampex 456, upana inchi mbili, njia 24 za sauti zikiwa sambamba, kazi ya bendi moja ya roki ya Berlin Magharibi ya mwaka 1983. Mashine ikazimwa papo hapo. Utando ule ndio muziki wenyewe, unga wa sumaku unaobeba sauti.

Kinachooza kwenye kanda hizo ni gundi inayoshika unga wa sumaku. Hunyonya unyevu wa hewa miaka nenda miaka rudi hadi ikanata. Dawa yake ni joto la taratibu, nyuzi 54 hivi za Selsiasi. Jiko la gesi halifai: joto lake hupanda na kushuka, na moto wa gesi hutoa mvuke. Tulitumia kikaushio cha matunda kilichotolewa trei, kipimajoto kikiwa ndani, rili (gurudumu la kanda) ikigeuzwa kila baada ya saa chache. Kanda nyembamba hutosheka na saa 8 hivi. Hii pana ilikaa usiku kucha na mchana wake, kisha ikaachwa ipoe yenyewe kwa muda uleule. Utepe wa hii ulikuwa wa plastiki ya poliesta. Kanda za zamani zaidi za asetati, plastiki nyingine, zinazopitisha mwanga ukizimulika, ukizioka umeziua.

Nafuu hiyo hudumu wiki chache tu, kwa hiyo hapakuwa na kungoja. Vichwa vikasafishwa kwa pamba na alkoholi, vikaondolewa usumaku. Mwanzoni mwa kanda fundi wa 1983, Mungu ambariki, alirekodi toni za vipimo: ya 10 kHz ikatunyooshea pembe ya kichwa, ya 1 kHz tukaiweka desibeli 18 chini ya sifuri ya dijitali, yaani kikomo cha juu cha sauti kwenye kompyuta. Njia zote 24 ziliingia kwenye kompyuta kwa mpigo mmoja, biti 24, 96 kHz. Kwa kasi ya inchi 30 kwa sekunde, rili ya futi 2,500 huisha kwa dakika 16 na ushee. Hizo ni karibu GB 7.

Kwenye skrini, vilele vya mawimbi ya snea (ngoma ndogo kali) vilikuwa vimeviringika. Kanda ikishiba sumaku hubana mapigo makali kidogo kidogo, wakati dijitali ikipita sifuri hukata bapa na kukwaruza. Huo “ujoto” wanaousifu wapenzi wa analogi, kwenye ngoma na besi upo kweli. Kwenye gitaa lililokwisha kuvurugwa na amplifaya, sikuusikia.

Bendi ilileta pia diski ya 1999, iliyorekodiwa moja kwa moja kwenye kompyuta. Diski ilifanya kazi, lakini mradi, yaani faili linalopanga vipande vya sauti, haukufunguka: programu iliyoutengeneza ilikuwa imekufa. Faili za sauti zilipatikana zote, vipande mamia visivyo na mpangilio, na kila kimoja kikarudishwa mahali pake kwa sikio. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko kuoka.